Gari la Dizeli Linachelewa Kuchanganya? Pima Haya Kabla Hujauziwa Turbo

Mdau, kama unauza mtandaoni na mzigo unausambaza mwenyewe kwa Hiace, Hilux au gari lingine la dizeli, somo la leo ni lako. Gari likianza kuwa zito, mteja haoni gari. Anachoona ni mzigo umechelewa, na kesho anaagiza kwa mwingine.

Dalili yenyewe wengi mnaijua. Unaondoka kwenye mataa, unakanyaga mafuta, gari linajivuta kana kwamba umepakia saruji, kumbe nyuma kuna maboksi ya viatu tu. Ukivumilia kidogo, mshale wa mizunguko ya injini ukivuka namba 2, linaamka ghafla na kukimbia kama kawaida. Kwenye kilima ambacho zamani ulipanda na gia ya tatu, sasa unarudisha ya pili.

Ukienda gereji na sentensi moja tu, "gari halina nguvu", jibu la haraka mara nyingi ni "turbo imekufa" au "badilisha nozeli zote nne". Kwa mfanyabiashara mdogo hela ya vitu hivyo ni mtaji, yaani mzigo ambao hutaununua mwezi huu. Ukitoa hela hiyo na gari likabaki vilevile, mtaji umeondoka na tatizo bado unalo.

Kwa hiyo shika kanuni hii: anza na kisicho na gharama, malizia na cha ghali, na usibadilishe kitu ambacho hakijapimwa.

1. JUA KWANZA INJINI YAKO

Hiace nyingi za zamani zinatumia injini ya 3L (cc 2,779) au 5L (cc 2,986). Injini hizi zilitoka kiwandani bila turbo. Mtu akikuambia turbo ya 3L yako imekufa, mshukuru na uondoke. Kwa injini hizo unaangalia filta ya hewa, filta ya dizeli, nozeli, pampu na mbano wa injini.

Hiace na Hilux za baadaye zina 2KD (cc 2,494) au 1KD (cc 2,982). Hizi zina turbo, na dizeli yake inasimamiwa na kompyuta. Zikiwa nzima, zinavuta vizuri kuanzia kama mizunguko 1,500 kwa dakika, yaani mshale ukiwa katikati ya 1 na 2. Kwa hiyo kama gari lako la 2KD halina kitu mpaka 2,200, tatizo lipo kweli.

Kumbuka pia suala la mwinuko. Gari lisilo na turbo likitoka Dar likafika Mbeya, mita kama 1,700 juu ya bahari, lazima upungufu wa nguvu uusikie. Hewa ya kule ni nyepesi. Huo si ugonjwa, na usimlipe mtu kuutibu.

2. KWA NINI LINAKUFA CHINI NA KUAMKA JUU?

Injini ya dizeli haina plagi za kuwashia kwa cheche. Inabana hewa mpaka inapata moto mkali, kisha nozeli inapulizia dizeli na inaungua yenyewe. Maana yake nguvu inategemea sana hewa iliyoingia. Hewa ikiwa pungufu, ukiongeza dizeli unaongeza moshi tu.

Turbo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, na kazi yake ni kusukuma hewa nyingi iingie ndani. Sasa, injini ikizunguka taratibu, moshi unaotoka ni kidogo, kwa hiyo turbo haina nguvu ya ziada. Ukiwa na mpira uliopasuka kidogo, hewa yote ya thamani inatorokea hapo. Mizunguko ikipanda, turbo inasukuma hewa nyingi kiasi kwamba hata kama nyingine inavuja, inayobaki inatosha. Ndiyo maana unaona gari "limepona" juu ya 2,000, kumbe bado linaumwa.

Kwa hiyo gari likifa chini na kuamka juu, mshitakiwa wa kwanza ni hewa. Dizeli inafuata baadaye.

3. LINAKATAA WAPI HASA?

Tafuta barabara iliyo wazi, nenda na mtu wa kukuandikia, halafu jibu swali moja: linakataa wapi?

- Zito chini, linaamka juu ya 2,000: shida ya hewa. Mipira ya turbo, mabawa ya turbo yaliyoganda, mipira midogo ya vakyumu, au vali ya EGR iliyobaki wazi.
- Zuri chini, linachoka juu au mlimani: shida ya dizeli kufika. Filta ya dizeli, maji kwenye mafuta, bomba lililobanwa, pampu.
- Zito kuanzia chini mpaka juu: filta ya hewa iliyojaa, ekzosi iliyoziba, breki inayobana, au injini iliyochoka.
- Injini inapiga kelele lakini gari haliendi: klachi inateleza. Jaribu hivi: ukiwa kwenye gia ya nne na spidi kama 50, kanyaga mafuta yote. Mshale wa mizunguko ukiruka na spidi ikabaki palepale, hapo injini haina kosa.

Zoezi hilo la dakika kumi linaweza kukuokolea bei ya turbo nzima.

4. SOMA MOSHI

Mwambie mtu akae nyuma kwa umbali salama au akufuate na pikipiki, aangalie moshi unapokanyaga mafuta.

- Mweusi: dizeli nyingi, hewa chache. Angalia filta ya hewa, mipira inayovuja na EGR. Nozeli zinazovuja nazo zinatoa moshi huu.
- Mweupe wenye harufu ya dizeli, injini ikiwa imeshapata moto: dizeli haiungui yote. Nozeli au mbano wa injini, na kwa injini za zamani hata pampu iliyofungwa vibaya.
- Wa bluu: injini inakula oili.
- Hakuna moshi na hakuna nguvu: dizeli haifiki ya kutosha, au kompyuta imeona hitilafu na imepunguza nguvu makusudi kulinda injini.

5. VITU VYA KUPIMA MWENYEWE

Breki na upepo. Baada ya safari, sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kugusa. Ringi moja ikiwa na moto kuliko wenzake, breki ya hapo inabana na gari lako linaburuta mguu. Upepo wa tairi ufuate kibandiko kilichopo kwenye mlango wa dereva.

Filta ya hewa. Fungua sanduku lake. Kwenye barabara zetu za vumbi filta inajaa mapema kuliko kitabu kinavyosema. Ya karatasi haioshwi kwa maji. Ukipuliza upepo, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa nguvu ndogo. Ikiwa imechoka, nunua mpya. Na usikubali kuendesha gari bila filta eti "kujaribu kama linavuta", kwa sababu vumbi likiingia linasaga mabawa ya turbo na silinda. Angalia pia mdomo wa bomba linaloleta hewa kwenye sanduku. Majani, nailoni na viota vya panya vinapatikana humo.

Mipira ya turbo. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, fuata bomba kutoka kwenye turbo hadi kwenye intakula, kisha hadi kwenye injini. Minya kila mpira kwa mkono na uuzungushe. Angalia upande wa chini ambao hauonekani ukiwa umesimama, maana mara nyingi ndiko unakopasuka. Sehemu yenye oili mbichi na vumbi lililoganda ndipo hewa inapotokea. Kaza klipu zote. Oili kidogo kama unyevu ndani ya mpira ni kawaida. Oili ya kuchuruzika si kawaida. Dalili nyingine ni sauti ya "fsssss" unapokanyaga mafuta, inayopotea ukiachia.

Mipira midogo ya vakyumu. Ni ile myembamba kama mrija wa soda. Kwenye turbo nyingi ndiyo inayovuta mkono wa turbo. Kwa joto la injini inakauka na kupasuka. Bei yake ni ndogo mno, lakini ukipasuka mmoja turbo nzima inakaa tu kama mgeni. Turbo nyingine mkono wake unasukumwa na mota ndogo ya umeme. Hapo angalia soketi na waya.

Maji kwenye filta ya dizeli. Chini ya filta nyingi kuna kifunguo cha kutolea maji, na juu kuna pampu ya mkono. Weka chupa safi chini, legeza kifunguo, pampu taratibu. Maji yanakaa chini, dizeli inaelea juu, utayaona kwenye chupa. Ukipata maji mengi, jiulize unanunua wapi mafuta. Dizeli ya madumu ni nafuu mpaka siku pampu inapoharibika. Nunua sheli yenye risiti na ubaki na moja unayoiamini.

6. KUPIMA KWA MASHINE: UNATAFUTA NINI

Kama gari lina kompyuta, sasa ndipo unapima kwa mashine. Hata kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani na kusoma kwa simu kinasaidia, mradi kiwe kinakubali gari lako. Kabla mtu hajafuta chochote, piga picha namba zote zilizotokea. Hizi ndizo utakutana nazo zaidi:

- P0299: hewa inayosukumwa na turbo ni pungufu.
- P0101: sensa ya kupima hewa inatoa kipimo kisichoeleweka.
- P0401: mzunguko wa EGR hautoshi, mara nyingi kwa sababu ya masizi.
- P0087: presha ya dizeli ni ndogo.

Sikiliza vizuri hapa: namba hizo ni malalamiko ya gari, si majina ya spea. P0299 haijasema "nunua turbo". Imesema hewa haifiki. Mpira uliopasuka unaleta namba hiyohiyo. P0087 nayo haijasema "nunua pampu", maana filta iliyoziba inaileta pia, na hata ile vali ndogo ya kudhibiti dizeli iliyopo juu ya pampu.

Mwombe fundi akuonyeshe vipimo gari likiwa linatembea: presha ya dizeli inayotakiwa na iliyopo, hewa inayotakiwa na iliyopo. Namba mbili zikiachana sana, hapo ndipo ugonjwa ulipo. Kama dizeli iko sawa na hewa iko chini, hakuna sababu ya kugusa nozeli.

7. EGR NA MASIZI

EGR ni vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza hewa chafu. Inafanya kazi zaidi kwenye mizunguko ya chini. Masizi yakiizuia isijifunge, injini inavuta moshi wake mwenyewe wakati ambapo inahitaji hewa safi. Matokeo ni moshi mweusi na uzito wa kuondoka, yaani dalili zilezile za turbo.

Magari ya kusambaza mzigo mjini yanaumia zaidi, maana ni foleni, simama, ondoka, simama. Injini haipati nafasi ya kupumua, masizi yanajenga ukuta kwenye njia ya hewa na kwenye mabawa ya turbo.

Tiba ni kufungua vali na njia yake, kusafisha, na kurudisha kwa gesketi mpya. Usikubali mtu apulizie petroli au dawa nyingi kwenye bomba la hewa injini ikiwa inaunguruma. Injini ya dizeli inaweza kuitumia dawa hiyo kama mafuta, ikapandisha mizunguko yenyewe na ikakataa kuzima hata ukitoa ufunguo. Injini inaweza kufa palepale.

8. TURBO NA NOZELI: ZINAPIMWAJE?

Turbo. Fundi afungue mpira wa kuingiza hewa, ashike shafti ya turbo na kuitikisa. Kuyumba kidogo sana pembeni kunakubalika. Mabawa yakigusa ukuta, au shafti ikienda mbele na nyuma, hiyo imechoka. Dalili nyingine ni mlio kama wa king'ora unaopanda na mizunguko, na oili nyingi kwenye mipira. Kama shafti ni nzima ila mabawa ya ndani yameganda kwa masizi, mara nyingi kusafisha kunatosha. Na ikibidi kubadilisha, ulizia kilichoua ya kwanza. Bomba la oili lililoziba litaua na mpya.

Nozeli. Kuna kipimo cha chupa nne. Kila nozeli inaunganishwa na chupa yake, injini inawashwa, mnaangalia dizeli inayorudi. Chupa moja ikijaa haraka kuliko nyingine, nozeli hiyo ndiyo mgonjwa. Kwa nini ulipie nne wakati anayeumwa ni mmoja? Na kwenye 2KD na 1KD, nozeli ikibadilishwa, namba zake ziingizwe kwenye kompyuta ya gari. Muulize fundi kabla: "Una mashine ya kuingiza namba?" Akishangaa, tafuta mwingine.

Onyo la usalama: kwenye 3L mafundi wamezoea kulegeza bomba la nozeli injini ikiwa inawaka ili kujua silinda gani haifanyi kazi. Kwenye 2KD na 1KD usiruhusu. Presha ya dizeli humo inapita bar 1,000. Inapenya ngozi kama sindano, na hapo ni hospitali.

9. ONGEA NA FUNDI KAMA MFANYABIASHARA

Badala ya kusema "gari halina nguvu", tuma ujumbe kama huu:

"Fundi, habari za kazi. Gari ni Hiace 2KD. Zito chini ya 2,000, juu linaamka. Moshi mweusi nikikanyaga. Filta ya hewa ni mpya, maji kwenye dizeli hakuna, klachi haitelezi. Naomba upime mipira ya turbo, vakyumu na EGR kwanza. Kupima ni bei gani, kando na matengenezo?"

Ujumbe huo unafanya mambo mawili. Fundi mzuri anafurahi kwa sababu umempunguzia kazi. Fundi wa kubahatisha anajua huyu si wa kumpeleka puta.

Kisha mkubaliane haya:

- Gharama ya kupima ilipwe peke yake, hata kama matengenezo utafanya kwingine.
- Kibadilishwe kitu kimoja, mjaribu, ndipo kije kingine. Mkibadilisha vitano kwa pamoja hamtajua kilichoponya.
- Jaribio lifanyike kwenye kilima kilekile, na mzigo uleule.
- Spea ya zamani urudishiwe mkononi.

Ukinunua spea iliyotumika, iwe Ilala au mtandaoni, fanya kama unavyotaka wateja wako wafanye kwako. Omba picha ya namba iliyogongwa kwenye spea, linganisha na ya gari lako, omba video shafti ikitikiswa, na makubaliano ya kurudisha yaandikwe kabla ya hela kutumwa.

10. HESABU YA KIMYAKIMYA

Wengine wanasema, "Linatembea, nitalitengeneza baadaye." Fanya hesabu kwanza. Jaza tenki mpaka juu, andika kilomita. Ukijaza tena mpaka juu, gawa kilomita ulizotembea kwa lita ulizoongeza.

Tuseme zamani gari lilikwenda kilomita 11 kwa lita moja, sasa linakwenda 9. Kwa kilomita 1,500 za mwezi, zamani ulitumia kama lita 136. Sasa unatumia kama lita 167. Hizo ni lita 30 na ushee kila mwezi zinazotoka ekzosi bila kukubebea hata boksi moja. Zidisha kwa bei ya dizeli ya leo, halafu linganisha na bei ya mpira wa vakyumu.

Ukishatengeneza, endelea kuandika lita na kilomita kila unapojaza. Daftari hilo litakuambia gari linaanza kuumwa kabla miguu yako haijasikia. Na mara mojamoja, gari likiwa na moto wa kutosha, litoe kwenye foleni, lipeleke barabara ndefu kwa gia inayofanya mshale ukae juu ya 2,500 kwa dakika kumi na tano hivi. Inasaidia kupunguza masizi.

Siku ya gereji, waambie wateja asubuhi, si saa kumi jioni. Mzigo mdogo mpe bodaboda, wa mkoani peleka stendi mapema. Mteja aliyeambiwa ukweli asubuhi anasubiri. Aliyepigiwa hadithi mchana kutwa harudi.

Hifadhi post hii, siku gari likianza kujivuta uifungue kabla ya kufungua pochi. Mtumie na mwenzako mwenye gari la dizeli. Na ukiandika hapa chini, taja aina ya injini, linakataa kwenye mizunguko mingapi na moshi ni wa rangi gani. Hapo ndipo tutaweza kusaidiana.